Mtoto Asiyepatana na Ngano

Paya ni gombolola ya nchi ya Budama, wilayani Tororo, mashariki ya Uganda, na mtu aijuaye mimea ya huko asingetazamia kusikia habari za maradhi yaletwayo na ngano. Ngano haimei Paya. Udongo wake ni wa wimbi na mtama, muhogo na viazi vitamu, karanga, kunde na ufuta. Ngano chache ya Uganda hulimwa juu, kwenye miteremko ya mlima Elgon upande wa Kapchorwa, na sehemu kubwa iliyobaki huja kwa meli kutoka ng'ambo. Hata hivyo mtu akitoka Paya kwenda Tororo mjini, au akishuka hadi Busia, mji uliokatwa katikati na mpaka hata nusu yake ikawa Uganda na nusu Kenya, hatembei hatua mia asikute jiko la mkaa na kijana anayesukuma chapati. Pana mandazi, pana sambusa, pana mikate ya madukani, na pana ile chapati iviringishwayo pamoja na mayai ambayo Uganda nzima huiita roleksi. Watoto wa leo hawaamini kwamba bibi zao walikua bila kuvijua vitu hivyo.

Reli ilipofika Tororo katika miaka ya 1920, maduka yaliifuata, na unga mweupe ukapata njia rahisi ya kuingia vijijini. Tangu hapo ngano imepanda cheo. Mgeni atokaye mjini haendi kwa wenyeji wake mikono mitupu. Hubeba sukari, sabuni na mkate. Mtoto wa nyumba hukatiwa kipande cha kwanza, naye hukila mbele ya mgeni ili mgeni afurahi. Kwa watoto karibu wote hapana dhara lolote. Ila wamo wachache ambao kipande hicho, kikirudiwa siku hata siku, huwaharibu matumbo, na yawezekana mama asijue kwa miaka mingi kwamba kinachomdhoofisha mwanawe ndicho kile alichopewa kwa upendo.

Maradhi hayo madaktari huyaita siliaki. Chanzo chake ni gluteni, yaani ule mnato uliomo katika unga wa ngano, unaofanya kinyunga kivutike bila kukatika na mkate uumuke. Gluteni imo pia katika shayiri na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Ndani ya utumbo mwembamba mna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula kilichokwisha kusagwa na kukipeleka katika damu. Kwa mwenye siliaki, gluteni ipitapo hapo, kinga ya mwili huamka na kupigana, na katika kupigana huko huvishambulia vinyweleo vya mwili wenyewe. Vinyweleo hufupika, hulala, na mwishowe utumbo huwa laini kama ukuta uliopigwa lipu. Mtoto atakula, tena atakula sana, lakini chakula kitampita tu.

Dalili zake kwa mtoto mdogo ni kuharisha kusikokoma au choo kingi chenye kunuka na kuelea, tumbo kujaa na kutokeza, makalio na mapaja kukonda, ukali usio na sababu, na uzito kusimama. Kwa mkubwa zaidi huenda tumbo lisisumbue hata kidogo; huonekana upungufu wa damu usioponywa na vidonge vya madini ya chuma, kimo kifupi kuliko cha wenzake, ganda la meno lililoharibika, vidonda vya mdomoni, na kwa wasichana, hedhi kuchelewa.

Si kila tumbo kubwa

Msomaji ataona mara moja ugumu uliopo. Dalili hizo ndizo zile zile zinazojulikana katika kila kijiji cha Afrika ya Mashariki, na sababu zake za kawaida ni nyingine kabisa. Tumbo la mtoto wa Paya likitokeza, la kwanza kufikiriwa ni minyoo, kwashiakoo, malaria, kifua kikuu, na virusi vya Ukimwi. Tororo imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zenye malaria kali kupita kiasi, na malaria peke yake yatosha kummaliza mtoto damu. Muuguzi aanzaye na hayo hakosei. Anafuata njia iliyo sahihi. Siliaki hutafutwa baada ya hayo yote kupimwa, kutibiwa, na mtoto bado asipone.

Pana mtego mwingine ambao wazazi huenda wasiutambue. Mtoto aliyekonda hulazwa na kulishwa siagi maalumu ya karanga itumiwayo kutibu utapiamlo, ambayo hutengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta. Au hupelekwa Kampala katika kituo cha Mwanamugimu kilichopo Mulago, kilichoanzishwa mwaka 1965, ambako akina mama hufundishwa kupika kitobero, yaani mchanganyiko wa vyakula vya nyumbani kwao wenyewe. Hamna ngano katika siagi ile. Kwa hiyo hata mtoto mwenye siliaki anaweza kunenepa wodini, akarudi nyumbani kwa shangwe, akapewa mandazi na chai kila asubuhi, na baada ya miezi michache akawa vile vile. Hapo ndipo maneno ya majirani huanza. Husemwa mama hamlishi mtoto, au anauza chakula alichopewa, au yuko mtu nyumbani mwenye jicho baya. Mama mwenyewe hajui la kujibu, kwa kuwa amefanya yote aliyoagizwa.

Ulaya na Marekani, mtu mmoja hivi katika kila mia ana siliaki, na wengi wao hawajijui. Hayo si maradhi ya Wazungu peke yao. Yanafahamika sana kaskazini ya India, hasa Punjab, ambako chapati ni chakula cha kila siku, na madaktari wa Sudan wameyaandika kwa watoto wa Khartoum. Waliotia fora ni Wasahrawi wa Sahara ya Magharibi, waishio katika kambi za wakimbizi huko Algeria: uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulipima watoto 990 ukakuta asilimia 5.6 wana siliaki. Watu hao waliishi kwa maziwa ya ngamia, tende na nafaka chache, kisha katika muda mfupi wakawa wanakula mikate ya ngano ya msaada. Urithi wa damu una sehemu yake, kwani haugui mtu asiyezaliwa na asili fulani ya mwili; lakini urithi bila ngano haumwuguzi mtu. Katika Afrika ya Mashariki wagonjwa wanaoandikwa hospitalini ni wachache mno. Mahali ambapo bibi alikula wimbi, mama akala mahindi, na mtoto anakula chapati, habari ya Wasahrawi inastahili kusomwa mara mbili.

Walivyoitafuta dawa

Jinsi gluteni ilivyogunduliwa ni kisa chenye mapindu mengi. Mwaka 1888 Samuel Gee, daktari wa watoto wa London, aliandika kwamba ikiwa wagonjwa hawa wataweza kupona, watapona kwa chakula. Alikuwa na mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Kiholanzi kila siku akastawi ajabu. Msimu wa kome ulipokwisha, ugonjwa ukarudi. Gee hakujua kwamba siri haikuwa katika kome bali katika kile ambacho mtoto hakukila. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alitangaza kuwa ameiona dawa, nayo ni ndizi. Watoto walilishwa ndizi nyingi, wakakatazwa mikate, wakapona, na wazazi wa Marekani wakazitukuza ndizi. Waganda wangecheka, maana kwao ndizi haijawahi kuhitaji cheti cha daktari. Kosa la Haas lilikuwa kuamini kwamba ndizi zimeponya. Watoto wake waliporudia mikate baadaye, utumbo uliendelea kuharibika kimya kimya.

Aliyeufunga mjadala ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa mji wa The Hague nchini Uholanzi. Alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Wajerumani waliizuia nchi yake isipate chakula, watu wakala hata vitunguu vya maua, na watu wengi sana wakafa kwa njaa. Wodini kwa Dicke, watoto wenye siliaki, ambao walitazamiwa kuwa wa kwanza kufa, walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake, na tangu wakati huo tiba haijabadilika: kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Hakuna sindano wala kidonge kinachochukua nafasi hiyo.

Kabla ya kuondoa mkate

Jambo moja yapasa litangulie mengine yote. Mzazi anayeshuku asimwondolee mtoto ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha kwanza ni cha damu, nacho hutafuta askari wa mwili walioamshwa na gluteni. Mtoto akiwa ameacha ngano kwa miezi kadhaa, askari hao hutawanyika na kipimo husema hana kitu. Kipimo kikionyesha dalili, daktari huingiza mpira mwembamba wenye taa kupitia mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya utumbo vikatazamwe kwa darubini. Kazi hiyo haifanyiki zahanati. Hufanyika katika hospitali kubwa za rufaa kama Mulago. Ikiwa damu imeonyesha kiwango cha juu sana, zaidi ya mara kumi ya kawaida, na kipimo cha pili cha damu kikikubali, madaktari wa Ulaya siku hizi hukubali kumtibu mtoto bila kumwingiza mpira huo.

Gharama na safari ni nzito, na hapana sababu ya kuzificha. Lakini kumtia mtoto katika mwiko wa maisha yote kwa kubahatisha ni kumtwika mzigo ambao huenda si wake.

Jiko la Paya

Ikithibitika, mama wa Paya ana jambo la kumshukuru bibi yake. Mwenzake wa London hununua unga maalumu wa bei kubwa. Yeye chakula cha mwanawe kiko shambani. Wimbi, mtama, mahindi, mchele, muhogo, viazi, matoke, maharage, kunde, karanga, ufuta, mayai, samaki, maziwa na mboga zote hazina gluteni. Wimbi hasa ni la thamani, kwa sababu gramu 100 zake zina miligramu 340 hivi za kalsiamu, madini yajengayo mifupa, na mifupa ndiyo inayoumia kwa mtoto ambaye utumbo wake haukufyonza kwa muda mrefu. Tarehe 1 Mei 2022, bei za ngano zilipokuwa zimepanda baada ya vita vya Ukraine, Rais Yoweri Museveni aliwaambia wananchi kwamba asiyepata mkate na ale muhogo, na maneno hayo yalizua kelele nyingi. Kwa mtoto wa siliaki ni shauri la daktari.

Muhogo peke yake haujengi mwili, kwani protini yake ni haba. Ugali wa muhogo na wimbi upewe mchuzi wa karanga, kunde, dagaa au yai. Tena muhogo mchungu una sumu ambayo hutoka kwa kulowekwa, kuvundikwa na kukaushwa ipasavyo. Mnamo Septemba 1917 ingekuwa hadithi ya kale, lakini ilikuwa Septemba 2017 huko Kasese, magharibi ya Uganda, watu 98 walipougua kwa ugali wa unga wa muhogo na wawili wakafa. Karanga na mahindi nayo yakaushwe vizuri yasiote ukungu. Malori yaliyokwama mpakani Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu ya ukungu, yaliwakumbusha wakulima jambo hilo. Mtoto ambaye chakula chake chote ni nafaka hizo hawezi kupewa zilizooza.

Cha kumpa mtoto badala ya mandazi ni kabalagala, ambayo wauzaji wa stendi huifahamu vyema. Mama huchagua ndizi ndogo tamu zilizoiva hata ganda likaanza kuwa na madoa, akazimenya, akaziponda mpaka ziwe laini kabisa bila kutia maji. Hutia chumvi kidogo, kisha unga wa muhogo kidogo kidogo, akikanda, mpaka kinyunga kiache kunata mikononi. Hukiacha kipumzike, akakisukuma juu ya ubao ulionyunyiziwa unga ule ule wa muhogo, akakata viduara kwa mdomo wa glasi na kukaanga kwa moto wa wastani. Moto ukizidi, sukari ya ndizi huungua nje na ndani hubaki bichi. Ya kununua njiani isiaminiwe ovyo. Wauzaji wengine huchanganya unga wa ngano ili ishikamane upesi.

Hila ya ngano ni kwamba hujificha. Unga wa uji wa nafaka mchanganyiko uuzwao sokoni mara nyingi una ngano ndani. Mchuzi wa hotelini huongezwa uzito kwa kijiko cha unga mweupe. Soseji hujazwa unga. Vinywaji vya unga vya watoto vyenye kimea hutokana na shayiri. Mafuta yaliyokaangia mandazi asubuhi ndiyo yanayokaangia muhogo mchana, na muhogo huo haufai tena. Kipimo cha kimataifa kilichowekwa mwaka 2008 kwa chakula kiitwacho kisicho na gluteni ni miligramu 20 tu katika kilo nzima, na miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi michache, zimeonekana kuumiza utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina gramu mbili hivi. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto huyu hutenga sufuria moja, mwiko mmoja na kibao kimoja, na mashine ya kusagia huulizwa imesaga nini kabla.

Mgeni na mkate wake

Ugumu wa kweli haumo jikoni. Mgeni ameketi, mkate umekatwa, na mtoto anaambiwa asipokee. Bibi hukasirika, kukataa chakula cha mgeni ni kumtukana. Wazazi wenye busara hulimaliza jambo kabla halijafika hapo, kwa kumweleza bibi peke yake, kwa heshima, na kumpa yeye kazi ya kulinda sahani ya mjukuu. Bibi aliyepewa ulinzi huwa mkali kuliko daktari. Mgeni naye huambiwa mapema kwamba mtoto amekatazwa na hospitali, neno linaloeleweka haraka kuliko maelezo marefu ya utumbo.

Shuleni mambo ni mepesi kuliko yanavyodhaniwa, maana shule nyingi za bweni za Uganda hulisha uji wa mahindi asubuhi, kisha ugali wa mahindi, uitwao posho, na maharage mchana na usiku. Wanafunzi wote huilalamikia posho; mmoja wao inamwokoa. Hatari iko kwenye duka la shule na siku za sherehe. Mwalimu wa zamu na mpishi wapewe barua ya daktari, na mtoto awe na akiba yake ya karanga na kabalagala sandukuni.

Kijana wa miaka kumi na minne ni habari nyingine. Huyu hana tena tumbo kubwa, anacheza mpira, na hakumbuki alivyokuwa akiharisha. Wenzake wanashuka Busia siku ya soko, wananunua roleksi, na yeye hataki kuwa wa kuulizwa maswali. Anakula moja, haumwi. Anakula ya pili. Kutoumwa huko ndiko kunakomdanganya, kwa sababu utumbo unaweza kunyauka bila kelele, na kimo kilichokosekana katika miaka hiyo hakidaiwi baadaye. Kumkaripia hakusaidii, atakula kwa siri. Kinachosaidia ni kuonyeshwa karatasi ya damu yake mwenyewe, ya mwaka jana na ya mwaka huu, na kufundishwa kupika na kuuliza kwa sauti yake, badala ya mama kumsemea kila mahali. Kijana anayejua kumwambia mkaangaji ampasulie mayai mawili katika kikaango safi na kumpa na kiazi hahitaji kukaa pembeni wenzake wakila.

Kwa watoto wa Kikatoliki, nao ni wengi Budama, kuna jambo la Komunyo ya kwanza. Hostia ni mkate wa ngano. Barua ya Roma ya tarehe 24 Julai 2003, iliyokumbushwa tena mwaka 2017, yasema hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa sakramenti, lakini yenye gluteni kidogo sana yaruhusiwa, na asiyeweza hata hiyo aruhusiwa kupokea katika umbo la divai peke yake. Mzazi amwone paroko wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya sherehe, ili ruhusa iombwe na kikombe cha pekee kiandaliwe. Kikombe cha padre hakifai, kwa sababu ndani yake hutiwa kipande cha hostia.

Mtoto mmoja akigunduliwa, ndugu zake wa tumbo moja na wazazi wake wapimwe pia, hata wale wasiolalamika, kwani kati ya kumi wa karibu hivyo huenda akapatikana mmoja. Aliye na siliaki apimwe damu baada ya miezi sita na kisha kila mwaka, apimwe kimo na uzito, na daktari aulizwe kuhusu madini ya chuma. Kwa kawaida kuharisha hupungua katika wiki za mwanzo na hamu ya kucheza hurudi kabla ya uzito. Mashavu hujaa baadaye, na vinyweleo vya utumbo huota upya taratibu, pengine kwa mwaka mzima au zaidi.